Apero yetu ya Alunguli inafungua tumbo la nani?



Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja alituma hapa picha nzuri sana. Glasi sita za mvinyo zimepangwa kwenye meza ya plastiki, ndani kuna kitu cha rangi ya machungwa, nyuma Lualaba, na ng'ambo jua linazama upande wa Kasuku. Chini aliandika: "Aperitivo. Alunguli kama Milano." Watu walipenda, walicheka, walituma mioyo. Mimi nilikuwa pale mezani, mkono unaoonekana upande wa kushoto ni wangu. Kile kilichokuwa ndani ya glasi ni Fanta iliyoongezwa bia. Ladha yake sitaisimulia.

Siku ile sikuandika kitu, juu hakuna anayependa kuharibu picha ya wenzake. Lakini tangu hapo apero imekuwa desturi. Kila Jumamosi jioni kuna mtu anaandika "apero saa kumi na mbili", na watu wanavuka mto. Kwa hiyo naomba ruhusa niikosoe kama vile tunavyokosoa memuari ya mwenzetu mbele ya juri: kwa heshima, lakini ukurasa kwa ukurasa. Sikosoi kunywa. Mimi mwenyewe ninakunywa. Ninachouliza ni kama tulichokiiga ndicho kile tunachofikiri tumekiiga.

Nianze na neno. Aperitivo la Waitalia na apéritif la Wafaransa, ambalo sisi tumelikata kuwa apero, yote yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini aperire, yaani kufungua. Ni kinywaji kidogo cha kufungua tumbo kabla ya chakula. Vitabu vya Kiswahili vina kifungua kinywa, lakini hicho ni cha asubuhi, ile sisi tunaita tu kunywa chai. Mwitalia analifungua tumbo jioni kwa sababu alikula vizuri saa saba mchana na tumbo limelala. Inabidi aliamshe. Ndugu yangu, hebu tembea Alunguli saa kumi na moja jioni, pita kwa wale wanaotoka shambani na wale wanaoshusha mizigo ya mitumbwi, halafu uniambie ni tumbo gani limelala. Nyumba nyingi hapa zinawasha makala mara moja kwa siku. Tumbo liko wazi tangu asubuhi, linangoja.

Hapo ndipo shida ya kwanza ya picha yetu, na sio ndogo. Lakini tuwe wakweli pia kwa Waitalia, juu nimeona wengine hapa wanafikiri aperitivo ni starehe ya matajiri tu. Nilivyosoma historia yake, niliona jambo linalonihusu mimi kama mtu wa agronomia: ni historia ya mimea michungu.

Mwaka 1786 mjini Torino, Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza mvinyo uliotiwa majani na viungo. Ukaitwa vermuti, kutoka Wermut, jina la Kijerumani la mmea ambao sisi kwenye auditori tuliuandika Artemisia absinthium. Wengi wenu mnamjua ndugu yake, Artemisia annua, ule unaotoa artemisinini ya dawa za malaria. Mwaka 1860 Gaspare Campari alitengeneza bita yake nyekundu huko Novara, na miaka michache baadaye akafungua kafe yake katikati ya Milano, ndani ya ile Galleria yenye paa la kioo. Aperol, ambayo ndiyo rangi ya machungwa mliyokuwa mnaitafuta kwa Fanta, ilitoka Padova mwaka 1919, na nguvu yake ya pombe ni asilimia 11 tu. Kuna hata Cynar, ya mwaka 1952, iliyotiwa majani ya artishoki. Fikiria: watu wana mboga, wanachukua uchungu wa jani lake, wanaufanya kinywaji ambacho dunia nzima inalipia.

Wafaransa nao walifanya hivyo kwa kinini. Dubonnet ya Paris, mwaka 1846, ilikuwa mvinyo uliotiwa kwinini, na inasimuliwa kwamba shabaha ilikuwa askari waliopelekwa Afrika ya Kaskazini waimeze dawa bila kukunja uso. Kwinini inatoka kwenye ganda la mti wa sinkona, na mti huo haukuishia kwao huko Amerika ya Kusini. Ulipandwa kwenye milima ya Kivu, na Pharmakina ya Bukavu imetengeneza kwinini kutokana na maganda hayo. Kwa hiyo uchungu ule unaoitwa wa Ulaya umekuwa ukiota kwa majirani zetu. Mzee yeyote wa Maniema anaujua. Alipewa akiwa mtoto, na alilia.

Kwa nini uchungu? Kwa sababu ulimi ukikutana nao, mate yanatoka na tumbo linajiandaa. Sukari nyingi inaweza kuliambia tumbo limeshapata. Kwa hiyo Fanta na bia kwenye glasi ya mvinyo, hata kabla sijasema juu ya urembo wa picha, ni kinyume cha aperitivo. Inafunga. Ukiongeza juu yake paketi mbili za chipsi za kiwanda ambazo zimesafiri kuliko sisi sote tuliokaa pale, umekamilisha kazi: umekunywa tamu, umekula chumvi, chumvi imekuomba chupa nyingine, na njaa imeondoka bila kula.

Lazima niseme kidogo juu ya ile meza. Chipsi zilitoka nje ya nchi. Biskuti zilitoka nje ya nchi. Bia, hiyo sawa, ni ya Kongo, lakini kufika Kindu imepita barabara, reli, mto au ndege, na safari hiyo yote iko ndani ya bei. Na sisi pale mezani tulikuwa kumi na mmoja, wanne wetu tuna lisansi ya agronomia. Wanne! Hatua hamsini kutoka kwenye meza kulikuwa na mama anakaanga karanga, kijana anapita na sahani ya mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili pembeni, na mwingine anachoma makemba. Tulimwita yule wa mayai mara moja, tukamwomba apunguze bei, tukamwacha aende.

Siandiki hivyo ili kuonyesha wengine ni wabaya. Mimi nilikuwa wa pili kumwambia apunguze.

Sasa saa. Waitalia wanakaa kwenye aperitivo saa kumi na mbili, saa moja, hata saa mbili, kwa sababu chakula chao cha jioni kinakuja saa mbili au tatu, na wakati wa joto jua lao bado liko juu saa hizo. Kwetu jua halina mchezo huo. Mwaka mzima linazama karibu saa kumi na mbili na kidogo, na giza linaingia kama mtu amefunga mlango. Saa hiyo tunayoita ya apero, nyumbani sombe imeshatwangwa, mchele uko kwenye moto, watoto wanachungulia. Na mto hauna daraja. Aliyetoka Kasuku au Mikelenge lazima arudi kwa mtumbwi, usiku, baada ya chupa.

Hesabu badada waliokuwa kwenye picha. Hakuna hata mmoja. Tulifanya promosheni moja na wasichana wengi, baadhi yao walitupita kwa pointi, na ninaweza kuwataja sita ambao wako hapa mjini na hawana kazi kama sisi. Niliuliza mmoja kwa nini haji. Alinijibu: "Kaka, nivuke saa hizo niende kukaa na wanaume penye pombe, halafu kesho jina langu linakuwa nini? Na mtumbwi wa kurudi nitapanda na nani?" Milano, msichana anakaa peke yake na glasi yake na hakuna anayemhesabia. Sisi tuliiga glasi tu. Kile kiti chake hatukukiiga.

Na wenzetu Waislamu, ambao katika Maniema sio wachache, tangu enzi za Kasongo na misafara ya waungwana? Wanapita, wanasalimu, wanaendelea. Hatujawahi kuwaambia "karibuni" kwa namna ambayo wanaweza kuikubali.

Najua nitajibiwa nini, juu nimeshajibiwa kwa mdomo. Mwenzangu mmoja, tuliyelala naye chumba kimoja miaka ya masomo, aliniambia: "Mzee, wewe unahesabu karanga. Pale ndipo nilipata kazi yangu ya kwanza." Ni kweli. Alikaa karibu na mtu aliyejua mtu mwenye mradi wa mbegu, na mwezi uliofuata alikuwa Kibombo anapima mashamba. Mimi pia nimesikia mambo pale ambayo hayabandikwi kwenye ubao wa ofisi yoyote. Kijana mwenye lisansi asiyekuwa na kazi anahitaji mahali pa kukaa ambapo haulizwi "umepata?" kila dakika tano. Apero inampa hapo. Ukosoaji wangu ukisahau jambo hilo utakuwa wa uongo.

Lakini ndiyo sababu swali la nani hayupo linaniuma zaidi. Kama kazi zinapatikana kwenye meza ya apero, basi yule dada aliyeogopa mtumbwi hakukosa bia. Alikosa mradi wa mbegu.

Tena kuna mambo ya franka. Chupa tatu kubwa, kwa bei ya sasa, ni chakula cha jioni cha nyumba yetu ya watu sita, pamoja na samaki. Sitaki kuhesabu mfuko wa mtu. Nahesabu wangu. Siku nilipotetea memuari yangu, kulikuwa na ile tunayoita verre d'amitié, glasi ya urafiki. Hakuna mwalimu aliyeniambia niandae. Hakuna aliyehitaji kuniambia, kila mtu anajua. Juri inasema "distinksyo", watu wanapiga makofi, halafu macho yote yanageuka kwenye meza ya nyuma. Mama aliuza magunia mawili ya mpunga aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu na kwa miezi ya njaa. Memuari yangu, nisikilizeni vizuri, ilikuwa juu ya upotevu wa mpunga baada ya mavuno. Nilisimama mbele ya watu dakika ishirini nikieleza namna familia ya mkulima inavyopoteza akiba yake, panya, unyevu, wadudu. Halafu tukafungua chupa.

Mama alikuwa amekaa mstari wa mwisho na kitambaa chake kipya. Alifurahi sana, hilo siwezi kulikataa. Msimu uliofuata tuliazima mbegu.

Kwa hiyo ninaposema kinywaji cha kabla ya chakula, kwangu sio mambo ya Milano. Kabla ya chakula cha nani? Baba anayekaa bandarini na brosheti mbili na bia, akarudi saa tatu ameshiba, akasukuma sahani, "nimeshakula", yeye amefanya apero. Nyumbani wamengoja naye. Waitalia wenyewe wanajua shida kama hiyo: siku hizi Milano kuna kitu kinaitwa apericena, neno lililoshonwa kutoka aperitivo na cena, yaani chakula cha jioni. Unalipia kinywaji kimoja, unapewa sahani, unazunguka meza ya tambi na wali na nyama mpaka unashiba. Wanafunzi wanaipenda juu ni rahisi, na wenyeji wengine wanalalamika kwamba kinywaji kimekimeza chakula. Wao angalau wanakula wote pamoja, mume na mke, pale pale. Sisi apericena yetu ni ya mtu mmoja.

Nifungue mabano kidogo, juu kuna aliyeuliza kwenye maoni: "Waitalia na Kindu, wapi na wapi?" Kaka, Italia inalijua jina la Kindu kuliko sisi tunavyojua jina la Padova. Mwezi wa Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia waliokuwa na ONU, waliokuja na ndege mbili za mizigo, waliuawa hapa Kindu. Walikuwa wamekaa mesi, kula. Kwao kuna miji yenye barabara zinazoitwa kwa jina la wafu wa Kindu, na Pisa, walikotoka, inawakumbuka. Sisi vijana tunapita hapa bila kujua. Sisemi tusitumie neno lao. Ila ninapoona "Alunguli kama Milano" chini ya glasi ya Fanta, ninafikiri kwamba kuna mtu Pisa anayelisoma jina la mji wetu kwa namna nyingine. Nafunga mabano.

Sasa niwaambie nilipoona aperitivo ya kweli Alunguli, juu niliiona, na haikuwa kwenye meza yetu.

Ramadani iliyopita jirani yetu, mzee ambaye watoto wote wa mtaa tunamwita Baba Mkubwa, aliniita kwake jioni. Mimi ni Mkatoliki, sikufunga. Tulikaa kwenye mkeka nje. Jua lilipozama na adhana ikasikika, alichukua tende moja, akanipa moja. Halafu uji wa mchele, mwepesi, wenye tangawizi kali, kwenye vikombe vidogo. Kipande cha muhogo. Watoto walikuwepo, bibi yake alikuwepo, mpita njia mmoja aliitwa naye akakaa. Tuliongea juu ya mvua, juu ya bei ya mafuta ya mawese, na aliniuliza kama mbegu ya mpunga ya miezi mitatu ni nzuri kweli au ni maneno ya miradi. Kazi yangu! Aliniuliza kazi yangu. Halafu wakasali, na baada ya sala ndipo chakula chenyewe kikatoka ndani, na kila mtu bado alikuwa na njaa ya kukila.

Haikuzidi nusu saa. Kidogo, kikali, pamoja, halafu chakula. Kila kitu ambacho nilisoma juu ya Torino na Milano kilikuwa kwenye mkeka ule, isipokuwa pombe na isipokuwa picha. Wanasema kufuturu, kufungua. Neno lile lile, na halijapita Paris ili litufikie.

Wazee wetu wasio Waislamu nao walikuwa na lao. Kola inayokatwa vipande na kuzungushwa kwa wageni, chungu mpaka masikio yanasimama. Malafu ya asubuhi na ya jioni, mtu anaonja, anampa jirani. Sitaki kuwapamba, walikuwepo pia waliolewa na wakasahau nyumba zao, na lotoko imezika watu ninaowajua. Lakini uchungu ulikuwepo, na udogo ulikuwepo.

Jumamosi iliyopita nilijaribu. Niliwaandikia watu: saa kumi, sio saa kumi na mbili, na tunamaliza mitumbwi ikiwa bado inaonekana. Nilisaga tangawizi, nikaongeza ndimu na kola iliyokunwa, sukari kidogo sana. Karanga nilizinunua kwa yule mama, bila kuomba apunguze. Makemba nilichoma mwenyewe, na yaliungua upande mmoja.

Nisiwadanganye. Watu saba walikuja badala ya kumi na mmoja. Mmoja alionja kinywaji changu akauliza kama ni dawa ya minyoo. Wawili waliondoka mapema kutafuta bia, na nilipowaona kesho yake walinisalimu kwa kucheka: "Padri wa tangawizi." Lakini badada watatu walivuka. Mmoja wao anafanya sabuni ya mawese kwa mama yake huko Mikelenge na anatafuta mtu wa kumsaidia kuandika hesabu za mradi. Yule mwenzangu wa mbegu alikuwa karibu naye. Waliongea mpaka nikaona aibu kuwaambia muda umekwisha. Mmoja wa wenzetu Waislamu alikaa pia, alikunywa vikombe viwili, na ndiye peke yake aliyesema kola imepungua.

Wote walirudi ng'ambo kukiwa na mwanga. Mimi nilirudi nyumbani na njaa.

Juu ya bia bado hatujakubaliana. Mimi nasema chupa moja ya kugawana inatosha, wengine wanasema hiyo ni dharau, na mmoja amependekeza kila mtu aje na yake, jambo ambalo naona litaturudisha pale pale. Semeni hapa chini. Na kama kuna anayejua kuchoma makemba kwenye makala bila kuyaunguza, aniandikie kabla ya Jumamosi.